Tofali la Kidugala

Siku tulipomaliza matanga ya mume wangu, mkwe wangu mmoja, mtoto wa watu kutoka Songea, alitoka jikoni na sahani mkononi akauliza mbele ya wageni wote, "Mama, hii bandama nimpe nani?" Sebule nzima ikanyamaza. Wala si huzuni iliyowanyamazisha, maana kufikia siku ile huzuni ilikuwa imeanza kushiba. Walinyamaza kwa sababu swali hilo halijawahi kuulizwa nyumbani kwangu. Watoto wangu hawali bandama kwa kuwa baba yao hakula, ndio mwiko wa ukoo wake. Nami sili kwa kuwa baba yangu hakula. Kwetu Ubena kila ukoo una kitu chake kisicholiwa, wengine mnyama wa porini, wengine ndege, wengine kipande tu cha nyama, na mtoto hufuata wa baba. Mkikutana mvulana na msichana mwiko wenu mmoja, kwanza mnaulizana vizuri msiwe ndugu, ndipo mtazamane vibaya. "Mpe mbwa," nikamwambia mkwe wangu, "naye amefiwa." Watu wakacheka, nami nikacheka, kisha nikatoka nje nikaanza kuizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Binti yangu akanifuata, "Mama, kaa chini." Nikakaa, nikainuka. Mwili ni wa kikongwe lakini miguu siku ile ilikuwa ya mwaka ule, mwaka niliotembea makaburini kutoka Yakobi mpaka Makambako, nikitafuta mtu aliyekufa ili niruhusiwe kuolewa na mtu aliye hai.

Mwaka wenyewe sikutajii kwa namba. Nilisoma darasa la kwanza na la pili, la tatu nikalipita kwa nje nikipeleka mbuzi malishoni. Alikuwepo Mwingereza bado, na miwati ilikuwa inapandwa vilimani, ile miti ya magome, na sisi vijana tukidhani ni ya kuchezea kujificha. Habari za nani alimzaa nani sitakuchosha nazo, isitoshe hizo ndizo tulizokuwa hatuzijui. Nilikaa Yakobi na Shangazi Rahabu, dada yake marehemu baba yangu, katika nyumba ya chumba kimoja na nusu. Hiyo nusu ilikuwa ya mbuzi. Moto ulikaa katikati, moshi ulitoka ulikotaka wenyewe, na ukilala unasikia panya wakihama juu darini kwenye mahindi. Vitu vya thamani vilikuwa viwili. Kimoja kiti cha kukalia cha baba, kile kifupi cha miguu mitatu, ambacho alikiandika jina lake mguuni kwa chuma cha moto, DAUDI, na herufi D zote mbili akazigeuza, matumbo yakatazama kushoto. Mwalimu wangu aliyaona siku moja akasema baba yangu aliandika kama mtu anayetazama kwenye kioo. Kitu cha pili kilikuwa jembe la babu. Jembe la kale la Wapangwa, waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe kabla ya majembe ya dukani, limeliwa na udongo hadi limebaki kama kijiko kikubwa, tena limeliwa pembe isiyo yake. Shangazi alisema babu alikuwa mtu wa mashoto. "Mama alisema alifika kwao begani ana majembe mapya," alikuwa akinisimulia huku anachochea moto, "mgeni hana ng'ombe hana ndugu. Lakini mtu mwenye majembe wakati ule, nani angemnyima mke? Mengine akatolea mahari, moja likabaki." Hatukulilimia. Lilishushwa mara moja kwa mwaka kufukua shimo la kwanza la mbegu, kisha likafutwa na mafuta likarudi darini kama mzee aliyekwenda kutoa ushahidi.

Basi akaja Zakaria. Alikuja na watu wa barabara, wale waliopasua mawe, wakapiga kambi chini ya mteremko wetu. Mimi napita na mtungi, yeye nyundo mkono wa kushoto, na wenzake wanamtania, "Wewe Mashoto, utapasua goti la jirani!" Akaniambia "Kamwene," salamu yetu, nami nikaitikia nikiwa nimeshapita, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuitikia wanaume wa barabara. Siku ya pili nikaitikia nikiwa bado sijapita. Ya tatu niliweka mtungi chini. Sina zaidi ya kusema hapo, mwenye akili ameelewa. Alikuwa mtu wa Makambako, Mlutheri kama sisi, mcheshi, hanywi ulanzi, ile pombe ya mianzi, mpaka aone chini ya chombo, na baada ya mavuno akaleta mshenga. Shangazi akakubali kwa masharti ya kuonana na watu wake. Tukapanda lori la mahindi, shangazi mbele kwa dereva, mimi juu ya magunia na upepo wa Juni unanikata masikio.

Kwao Zakaria ndipo ilipoanzia bandama. Nyumba yao ilikuwa na meza, nakumbuka vizuri ile meza kwa sababu tulikaa chini na meza ikakaa peke yake. Walichinja mbuzi. Mwenye mji alikuwa bibi yake Zakaria, mama mzaa baba, mwembamba, shingo ndefu, hajawahi kuolewa tena tangu ujana wake, na mwanawe, baba yake Zakaria, mzee mwenye mvi kidevuni, aliinama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu. Nyama ikaja kwenye sinia. Bibi mwenyewe alisukuma kipande cha bandama mbele yangu, heshima ya mgeni. Nikala kila kitu nikakiacha hicho.

"Binti, mbona umeacha?"

"Nimeshiba, bibi."

"Mtu aliyeshiba huacha ugali. Wewe ugali umemaliza."

Shangazi akaingilia, "Samahani, mama. Kwao hailiwi. Mwiko wa baba yake, na babu yake."

Yule bibi akanawa mikono kabla hajamaliza kula. Zakaria akaacha kutafuna. "Hata sisi hatuili," bibi akasema polepole. "Hii nimeipikia wageni. Babu yake huyu ni nani?"

Shangazi yangu akaeleza kile kidogo alichokuwa nacho. Alisema babu alibatizwa Petro. Jina la kabla ya hapo hakulijua. Alikuwa fundi wa kufyatua na kuchoma matofali, akifuata misheni zilikojengwa, wanawe na mke nyuma yake, na aliuawa na ule ugonjwa wa mafua mabaya uliokuja na mwisho wa vita vya Wajerumani na Waingereza. Shangazi alikuwa bado anabebwa mgongoni. Babu alizikwa misheni. Misheni ipi? Mama yake kila akitaka kutaja alilia, mwisho wakaacha kumuuliza, mwisho akafa.

"Sasa nisikilizeni na mimi," bibi akasema. "Mume wangu alikwenda Upangwa kununua jembe. Huyu," akamwonyesha yule mwanawe mwenye mvi, "hajaota meno. Nyuma yake Maji Maji ikafunga njia. Njia ilipofunguka wengine walirudi, yeye hakurudi. Hakuna aliyeniambia amekufa na hakuna aliyeniambia yu hai. Mimi ni mke wa mtu ambaye hayupo popote. Leo analetwa msichana hali bandama, na babu yake hana kaburi. Mtu asiye na kaburi anaweza kuwa mume wa yeyote." Akaniangalia, wala si kwa ubaya, bali kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. "Nionyesheni alipolala huyo Petro. Nikimwona, nitajua. Mvua za kupandia zikinyesha hamjanionyesha, basi nyinyi ni ndugu, na Zakaria ataoa penye njia."

Tulirudi kwa miguu, shangazi hakutaka kungoja lori. Na tangu siku ile sikukaa. Nikikaa kumenya viazi, nakimenya kiazi mpaka kinakwisha mkononi. Niliona kama mvua inanikimbilia kutoka nyuma, na wakati ule ni kiangazi kitupu, vumbi tu. Wasichana wa leo wanasema walikondeshwa na mapenzi; mimi nilikondeshwa na makaburi. Kwa kuwa njia ya kutoka Makambako haikuwa mbali sana na Kidugala, shangazi akasema tuanzie hapo hapo, misheni ya Walutheri, pana matofali mengi ya zamani. Manyunyu ya baridi yalianza, yale ya msimu usio wake, tukaingia makaburini tumejifunika khanga kichwani. Kazi ilikuwa hivi: mimi nasoma, shangazi anasikiliza. Misalaba ya mbao mingi ilikuwa imeliwa na mchwa, mingine ina jina nusu. Petro walikuwepo, mmoja mtoto, mmoja mwalimu, mwenye kofia yake ya bati imepigiliwa misumari msalabani. Chini kabisa, karibu na korongo walikofukua udongo wa matofali zamani, palikuwa na mstari wa makaburi yasiyo na misalaba, yana mawe tu. Moja lilikuwa na tofali lililosimamishwa wima kichwani. Lilikuwa limeandikwa na kijiti udongo ukiwa bado mbichi, kisha likachomwa na maandishi yake. Nikafuta ukungu kwa kidole.

"Limeandikwaje hilo?" shangazi akauliza.

"Si mtu wetu," nikasema. "Ni mwanamke. Ilumbu wa mtu." Ndivyo tunavyomwita dada kwa Kibena, ilumbu, dada wa kaka yake. "Na aliyeandika naye hakujua kuandika, nilikuwa bora mimi."

"Masikini," shangazi akasema, "hata jina hakupewa." Akainama, akang'oa jani moja lililoota pale, kwa adabu tu, tukaondoka.

Baada ya hapo tulikwenda kila mahali. Yakobi kwetu tulimaliza asubuhi moja. Njombe mjini tulimaliza kwa siku, tukala mihogo ya kuchoma kwenye ukuta wa makaburi na askari mmoja akatufukuza akidhani tunauza. Kwa Wakatoliki shangazi aligoma kabisa kuingia getini. "Baba yangu alifyatua matofali ya Luther," akasema, kana kwamba Luther mwenyewe alikuwa akija kuyahesabu. Mzee mlinzi wa pale, Mkatoliki, ana tasbihi shingoni na koleo mkononi, akamwambia, "Pita, mama, wafu wetu hawabatizi mtu." Shangazi akapita, lakini alitembea akiwa ameshika sketi yake kama anayevuka tope. Babu hakuwepo. Jioni ile nilimsikia jirani yetu nyuma ya ukuta wa jikoni akisema na mwenzake, "Rahabu na yule binti, unajua wanatafuta nini makaburini? Udongo. Udongo wa kaburi una kazi yake." Mwenzake akasema, "Lakini ni walokole." Jirani akajibu, "Ndiyo maana wanakwenda mchana." Nilitaka kutoka nikawapige. Shangazi akanikalisha kwa kunitwisha kinu. Nikatwanga mahindi mpaka jirani akaja kuuliza kama tuna sherehe. Lakini neno lilikuwa limetoka, na watu wakaanza kupungua kwetu. Ukiomba moto, unaambiwa umezima.

Mawingu yakaanza kukaa juu ya vilima. Shangazi akapata homa, nikaenda Makambako peke yangu kumwambia Zakaria kwamba hatujapata. Ilikuwa siku ya mnada. Makambako ya wakati ule ilikuwa njia panda tu, maduka ya Wahindi mawili matatu, malori yanapumua, na watu wa kila kabila, kwa hiyo pale hata Mbena na Mbena mwenzake walianza kwa Kiswahili ndipo wajuane. Madereva walikuwa wanakuita dada kila hatua: dada, una mayai? dada, unakwenda Iringa? Nikamkuta Zakaria karibu na lori la watu waliokuwa wanaandikisha vijana kwenda kukata mkonge Tanga.

"Ninakwenda," akasema. "Nikikaa hapa nitaozwa. Bibi ameshamtaja binti wa mtu."

"Ukienda Tanga mimi nitakutafuta makaburi ya huko pia?"

"Njoo twende wote."

"Na tukiwa ndugu?"

Alirusha kijiwe kwa ule mkono wake wa kushoto, kikapiga gurudumu la lori. Nami nikawaza, kwa kweli nikuambie, kupanda. Mguu wangu ulikuwa tayari umeshaanza kuelekea. Wakati huo huo nyuma yangu sauti ya kitoto ikalia, "Dada! Dada!" Nikageuka, nikasema, "Nini, mdogo wangu?" Mtoto, kasichana ka kama miaka minne kana kamasi mpaka mdomoni, akanipita kama nguzo, akaenda kukumbatia miguu ya mwanamume mmoja mwenye gunia kichwani. "Dada!" Yule mwanamume akacheka juu ya gunia lake, "Umeitwa wewe? Una ndevu?"

Nilibaki nimesimama. Maana Kibena ni lugha yangu, nilinyonya nayo. Kwa Kibena dada ni baba. Mtoto alikuwa akimwita baba yake, kama mimi nilivyomwita wangu mpaka alipokufa. Sikulisahau neno, nililitumia kila siku. Lakini nilipoliona limeandikwa kwenye lile tofali la Kidugala, DADA, akili yangu ilivaa Kiswahili, kama unavyovaa viatu vya kanisani, kwa sababu mimi herufi nilifundishwa kwa Kiswahili, wakati wa Mwingereza, na sikuwahi kuona neno la nyumbani kwetu likiwa limeandikwa mahali. Sikudhani linaandikika. Baba yangu yeye alifundishwa na Wajerumani wa misheni, na wale walianza watoto kwa Kibena. Mtoto wa mchoma matofali, babaye amekufa kwa mafua, anapewa tofali bichi na kijiti, ataandika nini? Ataandika alivyokuwa akimwita.

"Usipande lori hilo," nikamwambia Zakaria. "Mlete bibi yako Kidugala, Jumapili baada ya ibada." Akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Kuna dada." Akadhani nimerukwa na akili, lakini akauchukua mfuko wake akaliacha lori.

Shangazi alikuwa amelala karibu na moto. Nilimweleza nikiwa bado mlangoni, nahema. Akainuka na homa yake yote. "Sema tena lilivyoandikwa." Nikamtajia herufi, akaniangalia mdomo. "Dada," akasema kwa Kibena, akilivuta. "Na wewe uliniambia ilumbu."

"Kwa Kiswahili, shangazi..."

"Nani alikwambia baba yako alikijua Kiswahili akiwa na miaka kumi? Hata ng'ombe wa baba yako hawakukijua." Kisha badala ya kunipiga akaanza kulia, akacheka, akaniambia nilete kile kiti. Tukaketi tunaitazama DAUDI, zile D mbili zinatazama nyuma. Nikakumbuka nilivyomcheka aliyeandika tofali, naye D zake zilikuwa zimegeuka vivyo hivyo. "Tutakibeba," shangazi akasema. Na kweli, Jumapili ile watu wa Kidugala walitoka kanisani wakamwona mama mzima ameingia makaburini na kiti kichwani, na hakuna aliyeuliza, nadhani walishamaliza maneno juu yetu.

Bibi alikuwa amefika kabla yetu, ameshika fimbo, Zakaria pembeni yake. Tukateremka mpaka kwenye korongo. Nikaweka kiti kando ya tofali, mguu ulioandikwa ukielekea juu. D kwa D. Zilikuwa za mkono mmoja, hata asiyejua kusoma aliona, na pale aliyejua kusoma nilikuwa mimi tu na kisomo changu cha kuchungia mbuzi. Shangazi akapiga magoti akaweka kiganja juu ya lile tofali. Alimwita baba yake kwa lile neno, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwake kumwita, maana alipokufa yeye alikuwa hajaanza kusema. Mimi furaha ilinijaa. Kaburi tumelipata! Bibi aliomba kaburi, hili hapa. Ndipo nikamtazama bibi.

Alikuwa haliangalii tofali. Alikuwa anamwangalia shangazi mgongoni, jinsi alivyopiga magoti, kisha Zakaria, kisha shangazi tena.

"Huyu baba yenu," akauliza, "alilima kwa mkono gani?"

Shangazi hakuwa na sababu ya kudanganya, hakujua swali linakokwenda. "Kushoto, mama. Mama yangu alisema alikuwa akichekwa shambani."

Upepo ulikuwepo, nakumbuka, kwa sababu kila mtu alishika nguo yake. Zakaria aliuficha mkono wake nyuma. Bibi akauangalia mkono ule uliofichwa. Kisha akasema kwa sauti ya juu, kama anayetaka hata waliolala wasikie, "Wangu alilima kwa kulia. Siye. Chukuaneni." Akageuza fimbo yake.

Tulipanda juu kwenda kutafuta maji ya kunywa, shangazi anashukuru kila jiwe, Zakaria ananikanyaga visigino kwa haraka ya kuwa karibu. Juu kabisa shangazi akashtuka, "Kiti cha babako!" Nikarudi mbio. Karibu na korongo nikasikia mtu anazungumza nikasimama nyuma ya msalaba wa yule Petro mwenye kofia ya bati. Bibi alikuwa amekaa kwenye kile kiti, miguu ameinyoosha kama msichana, anang'oa majani juu ya kaburi na kuyatupa kando kwa hasira, moja moja. Alikuwa anagomba. Wala si kilio, ni ule ugomvi wa mke aliyengoja chakula kikapoa. "Ulisema unafuata jembe tu," akasema. "Nimengoja na mtoto mgongoni. Nimelima kwa kijiti. Haya. Jembe langu liko wapi?" Na akainamisha kichwa, kabisa kama anangoja ajibiwe.

Sikuchukua kiti. Nilipanda polepole nikamwambia shangazi, pembeni, neno kwa neno. Shangazi alikunywa maji yake mpaka mwisho. "Aliyelala naye ni nani, mimi au yeye?" akaniuliza. "Yeye," nikasema. "Basi amesema siye. Sisi ni nani tumsahihishe mkubwa?" Na miaka mingi baadaye, tuna watoto watano tayari, nikamwambia mume wangu yote, kwa sababu mimi siwezi kukaa na kitu kifuani, kinanizungusha. Alikuwa anachonga mpini. Hakuinua hata kichwa. "Nilijua tangu alipouliza mkono," akasema. "Lakini bibi alisema siye. Unataka nimwite mwongo, na yeye ndiye aliyetuoza?" Akaendelea kuchonga, kwa kushoto. Kuna siku nimekaa nikawatazama watoto wangu wanavyotembea nikajiuliza. Kuna siku hata leo. Mchungaji sikumwuliza, ukimwuliza mchungaji atakujibu.

Mvua za kupandia zilitukuta tumeshatangazwa kanisani. Asubuhi ya kupelekwa Makambako, shangazi alipanda darini akashuka na jembe la babu, amelifunga kwenye kitambaa cheupe. Nikamwambia, "Shangazi, na shimo la kwanza utalifukua na nini?" Akasema, "Nina mikono." Hakuniambia nimpe nani. Nilifika kwa nyimbo na vigelegele, matope mpaka magotini, wakanikalisha mkekani kichwa kimefunikwa, na bibi alipokuja kunifunua uso ili anione kama mkwe, nikamwekea kile kitambaa mapajani mwake. Akakifungua. Wanawake wakaangua kicheko, bibi harusi gani analeta jembe lililochakaa! Yeye hakucheka. Alilipapasa ile pembe iliyoliwa, pembe isiyo yake, akalihamishia mkono wa kushoto akalipima uzito, kisha akalirudisha wa kulia.

"Limekawia," akasema.

Akainuka, katikati ya ngoma, akapita kati ya wachezaji na nguo yake mpya, akaenda nyuma ya nyumba kwenye maharage, na mvua inanyesha, akaanza kulima.